Nissan Figaro ya 1991 inauzwa Mtwara, ila zulia la mbele linalowa. Ninunue au niachane nayo?

Mdau wa Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna Nissan Figaro inauzwa hapa Mtwara mjini. Ni ya 1991, rangi ya samawati mpauko, viti vyeupe vya ngozi, paa la turubai la kukunja kwa mkono. Mwenye gari amehamishiwa Dodoma kikazi na hataki kwenda nayo. Anataka milioni 15, maongezi yapo. Kadi halisi anayo na jina ni lake.

Gari hii naipenda, sifichi. Ule mviringo wake, taa za duara, kromu ya mbele, vitufe vyeupe vya dashibodi kama redio ya babu. Hakuna gari nyingine mjini hapa inayonifanya nigeuze shingo.

Tatizo ni zulia la mbele upande wa abiria. Linalowa. Nililibonyeza kwa kidole gumba, maji yakajaa kwenye shimo la kidole. Muuzaji anasema ni maji ya AC tu, fundi atamaliza kwa nusu saa. Kumbukeni sasa hivi ni kusi, mvua hakuna.

Maji haya yanatoka wapi? Na gari ya namna hii inaweza kuishi Mtwara na hii chumvi yetu?

---

Korosho Ghafi

Milioni 15 kwa gari ya mwaka 1960? Ongeza kidogo uchukue Toyota IST, sepea zimejaa kila duka. Hiyo utakuwa unaisukuma Shangani nzima wanakuchungulia.

---

Upepo wa Kusi

Korosho Ghafi, hapo umeteleza. Figaro si ya 1960. Sura ndiyo ya zamani, gari lenyewe Nissan walilitengeneza 1991. Kwanza walipanga magari 8,000, watu wakawa wengi mno, wakafikisha 20,000 na wanunuzi wakapatikana kwa bahati nasibu. Lilikuwa na ndugu zake: Be-1 ya 1987, kisha Pao na S-Cargo za 1989. Yote yalivishwa sura ya kizamani juu ya mitambo ya kawaida ya Nissan.

Rangi zilikuwa nne, kila moja ikiwakilisha msimu wa mwaka. Hiyo ya samawati mpauko ndiyo ya kiangazi. Kwa Mtwara imefika nyumbani.

---

Korosho Ghafi

Sawa, 1991. Bado imenizidi umri wa kazi. Hoja ya IST ibaki palepale.

---

Mzee Spana

Kijana, nakuelewa. Nimeshika magari Ligula miaka mingi, nikwambie ninachokijua.

Kiyoyozi kikifanya kazi kinatoa maji. Hewa yetu hapa ina unyevu mwingi, kwa hiyo maji ni mengi kuliko Dodoma huko anakokwenda muuzaji wako. Maji yale yanakusanyika kwenye kisanduku nyuma ya dashibodi upande wa abiria, halafu yanashuka nje kwa mpira mwembamba. Mpira ukiziba kwa vumbi au majani, maji hayana pa kwenda, yanamwagikia zuliani.

Jipime hivi. Washa gari, washa kiyoyozi, acha kifanye kazi gari likiwa limesimama. Inama chini. Gari lisilo na tatizo lazima lidondoshe maji chini ya uvungu. Ukiona pakavu na ndani panalowa, muuzaji wako amesema kweli. Waya mwembamba na pampu ya baiskeli vinatosha.

---

Nilirudi Kusini

Shikamoo Mzee Spana. Kwa heshima zote, mimi sikubaliani.

Nilipokuwa Uingereza nilimiliki Figaro. Kule zimejaa kwa sababu usukani uko kulia kama kwetu. Kila mwenye Figaro kule anaimba wimbo mmoja: kutu na maji ya paa. Paa lile halifunuki lote. Nguzo za pembeni na fremu za madirisha zinabaki, katikati tu ndiyo panakunjwa na kuingia nyuma kwenye sehemu yake. Sasa pembeni mwa turubai kuna raba na mifereji midogo ya kushusha maji. Raba zikikakamaa kwa jua, au mifereji ikijaa mchanga, maji yanatafuta njia ndani.

Sehemu nyingine ni chini ya kioo cha mbele. Bati pale linaoza likiwa limefunikwa na raba, kwa nje unaona rangi imevimba kidogo tu, kama upele. Likishatoboka, maji yanashuka moja kwa moja miguuni.

Mdau, muulize mwenye gari anaoshaje. Mvua si lazima, gari la kuoshwa kwa mpira wa maji linapata mvua yake.

---

Mdau wa Chikongola

Nilirudi Kusini, umenigusa. Kijana wake anaiosha asubuhi kwa mpira, mimi mwenyewe nimemkuta anamwagia kuanzia juu ya paa. Na kweli kwenye kona ya kioo cha mbele kuna vipele vya rangi. Nilidhani ni uchafu wa ndege.

Mzee Spana marahaba nyingi... samahani, shikamoo kwanza. Hilo la kuinama chini ya uvungu nitalifanya.

---

Mzee Spana

Marahaba. Upele wa rangi na maji ya zulia vinaweza kuwa magonjwa mawili tofauti. Usiunganishe haraka.

---

Mama Harusi Lindi

Habari zenu. Mimi niko Lindi mjini, nina Volkswagen New Beetle ya wazi, ile iliyoanza kutoka 2003, nakodisha kwa maharusi. Tofauti na Figaro, yangu ina viti vinne vya kweli na paa linafunguka kwa umeme na pampu ya mafuta.

Mdogo wangu wa Chikongola, kama lengo ni biashara, ujue gari la wazi linalipa. Bibi harusi akikaa juu nyuma na shela lake, mtaa mzima unatoka. Kuanzia korosho zikishauzwa mpaka kabla ya mfungo, sina wikiendi tupu.

Ila paa ndilo lililonitoa jasho. Pampu ilianza kuvuja, paa likagoma nusu njia, limesimama wima, na bibi harusi yuko saluni anasubiri. Tulilishusha kwa mikono watu wanne. Fundi mmoja wa Dar akanibadilishia kitu ambacho hakikuwa kibovu, hela ikaenda, mafuta yakaendelea kuvuja. Kwa hilo tu, Figaro ya kukunja kwa mkono naionea wivu. Hakuna pampu, hakuna umeme.

Kuhusu zulia: la kwangu liliwahi kulowa pia. Chanzo kilikuwa mlango. Nyuma ya ile ngozi ya mlango kuna nailoni imebandikwa, kazi yake kuzuia maji yanayoshuka na kioo yasiingie ndani. Fundi wa redio aliichana alipoweka spika. Uliza kama spika za milango zimeguswa.

---

Kirikuu wa Masasi

Mama Harusi, wikiendi zote zimejaa na sisi wa Masasi tunabeba maharusi kwa kirikuu, hivi vipikapu vidogo. Dunia haina usawa.

---

Mama Harusi Lindi

Masasi njooni mbeleni, mkifika Mnazi Mmoja nipigieni, bei ya watani ipo.

---

Forodhani

Niongeze upande wa bei, maana hakuna aliyeugusa.

Kama angeagiza Japani leo, hesabu ingekuwa hivi. Ushuru wa forodha 25% ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na usafiri wake. Injini haizidi cc 1000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini ni 0%. Lakini gari limezidi miaka 10, kuna ushuru wa uchakavu 30%. Juu ya vyote hivyo VAT 18%. Ukipiga vizuri, kila shilingi 100 za CIF zinazaa kodi karibu 92, bado tozo ndogondogo. Na TRA wana thamani zao, risiti yako ya Japani haiwafungi. Viwango hivi hupitiwa kila bajeti, angalia kabla ya kuagiza.

Kwa hiyo gari ambalo tayari lina namba za hapa limekubebea mzigo mkubwa. Wewe utabakiwa na kubadilisha umiliki: mkataba wa mauziano kwa wakili, ushuru wa stempu 1% ya bei, ada ya uhamisho na kadi mpya. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi kwenye bati na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa usugue bati lenyewe, usisome juu ya rangi.

---

Korosho Ghafi

Forodhani, injini haizidi cc 1000? Mbona niliambiwa ni 1300, ndiyo maana inakimbia.

---

Upepo wa Kusi

Ni cc 987, silinda nne, ina turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Nguvu farasi 76. Gia otomatiki, tatu tu. Gari lina uzito wa kilo 810 hivi, ndiyo maana unaliona jepesi. Ukiwa Mikindani kwenye ule mwinuko utaisikia turbo inaamka.

Hiyo turbo ndiyo sababu ya mimi kuuliza kitu ambacho hakijaulizwa: oili inabadilishwa lini na ipi? Turbo ikinyimwa oili safi inakufa. Na usizime injini ghafla baada ya safari ndefu ya jua, iache inguruma kidogo ipoe. Mkanda wa taimingi nao, kama hakuna risiti, hesabu haujabadilishwa.

---

Kirikuu wa Masasi

Sepea si tatizo, March zimejaa mjini. Unafungua March unavisha Figaro.

---

Mzee Spana

Hapana, Kirikuu. March zilizojaa hapa ni zile za mviringo, K11, za kuanzia 1992, injini zake za ukoo wa CG. Figaro imejengwa juu ya K10 ya nyuma yake, injini ya ukoo wa MA. Ukinunua gasketi ya silinda hedi ya K11 utairudisha dukani. K10 mjini hapa ukiiona nipigie simu, nitakuja kuipiga picha.

Vitu vya kawaida kama plagi, betri na balbu utapata. Vya mwili, yaani raba za paa, taa, kromu, hivyo ni vya kuagiza. Ndiyo maana nasema gari hili likipata ajali ndogo ya bampa, hasara yake si ndogo.

---

Kirikuu wa Masasi

Nimekuelewa mzee. Basi nibakie kwenye ninachokijua: tairi. Figaro inavaa ringi 12 kama kirikuu yangu. Ukikosa tairi vaa 145R12 za kirikuu, maisha yanaendelea.

---

Nilirudi Kusini

Kirikuu, tairi zake ni 165/70 R12. Kimo kinakaribiana kweli, ukipiga hesabu tofauti haifiki sentimita moja kwa kipenyo. Lakini ya kirikuu ni nyembamba na imetengenezwa kubeba mzigo, ukuta wake mgumu. Gari la kilo 810 juu ya tairi ya mizigo litarukaruka, na breki kwenye barabara yenye mchanga hautazipenda. Ya kufikia gereji, sawa. Ya kutembelea, hapana.

---

Kirikuu wa Masasi

Wanafunzi wa Uingereza wamekuja na rula 😂 Sawa kaka, ya kufikia gereji.

---

Binti Mikindani

Mimi nina swali la mwanamke anayekaa karibu na maji. Nyumba yetu Mikindani bahari inaonekana kutoka barazani. Mabati ya jikoni tunabadilisha kila mara, pasi ya mkaa imeota kutu ikiwa kabatini. Sasa gari ambalo wenyewe mnasema linaoza hata Uingereza, Mtwara litapona vipi? Hilo la zulia naliona dogo. Tuambieni kuhusu kutu.

---

Nilirudi Kusini

Swali la maana. Kule Uingereza wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha baridi kuyeyusha barafu, ndiyo inayokula magari kutokea chini. Hapa chumvi inakuja na upepo. Maeneo ya kuangalia kwenye Figaro: mahali shokapu za nyuma zinaposhika kwenye bodi, matao ya tairi za nyuma, ukingo wa chini ya milango, na hapo chini ya kioo cha mbele. Bati likitoboka pale pa shokapu, kuchomelea ni kazi ya fundi bodi anayejua, si ya kuziba kwa pati, ile dongo ya kujazia bati.

Sumaku ndogo ifunge kwenye kitambaa laini usikwaruze rangi, itembeze kwenye matao. Ikishika vizuri, bati lipo. Ikiteleza na kuanguka, umeikuta pati.

---

Korosho Ghafi

Mmesahau salfa. Mimi natokea Tandahimba. Kipindi hiki hiki tunapulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, vumbi la njano linapepea hadi barabarani. Gari ukiliacha chini ya mkorosho usiku, umande ukianguka, asubuhi lina utando. Pikipiki yangu rimu zimeliwa. Kama huyo muuzaji alikuwa anapita mashambani na paa limefunuliwa, salfa iko ndani, imechanganyika na hayo maji ya zulia. Hapo ndipo bati linapoliwa.

---

Upepo wa Kusi

Salfa ya unga haiyeyuki kwenye maji, Korosho. Inachafua na inanuka, lakini kasi ya kula bati haifiki chumvi. Rimu zako zimeliwa na matope ya Tandahimba ambayo hayajaoshwa.

---

Korosho Ghafi

Njoo uniambie hayo msimu wa kupulizia, ukiwa na hiyo pikipiki. Salfa ikikaa na unyevu na jua siku nyingi inabadilika. Chuma tunakiona kwa macho, hatuhitaji maabara.

---

Binti Mikindani

Mwaka kesho mtaendelea. Je, kuoshea maji ya kisima kunaongeza kutu? Maana visima vyetu vingi vina chumvichumvi.

---

Mzee Spana

Binti, hapo umefungua mlango ambao wengi hawauoni. Ndiyo. Ukiosha kwa maji yenye chumvi kisha ukaacha likauke juani, umelipaka chumvi kwa mikono yako. Onja maji kwanza. Kama yana ladha, tafuta ya mvua au ya bomba kwa suuzo la mwisho, hata ndoo moja.

Na gari la wazi lisifunikwe kwa nailoni. Nailoni inafungia unyevu ndani. Banda lenye hewa, makuti juu, yanatosha.

---

Mama Harusi Lindi

Mzee Spana, kuhusu makuti naunga mkono. Ya kwangu inalala chini ya makuti huku Mitwero na turubai lake halijapauka. Ila panya! Panya walishuka kwenye makuti wakala waya wa taa ya nyuma.

---

Forodhani

Wakati tuko kwenye maji, kuna jambo linanisumbua. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara kule Somanga na maji yalisimama sehemu nyingi za Kusini. Gari lililozama linaweza kuuzwa kimyakimya. Mdau, vuta mkanda wa kiti cha abiria mpaka mwisho wake, utoke wote kwenye kikombe chake. Angalia ile sehemu ambayo kwa kawaida haitoki. Ukikuta mstari wa tope, gari hilo limeogelea, na hapo zulia si habari ya mpira wa AC. Angalia na reli za viti chini, kama boliti zina kutu wakati za dashibodi zinang'aa.

---

Mdau wa Chikongola

Wakuu, nimerudi na majibu. Ahsanteni sana.

Mkanda: nimevuta wote, msafi. Reli za kiti zina kutu kidogo upande wa abiria, upande wa dereva safi.

AC: tuliiwasha gari limesimama, chini ya uvungu pakavu kabisa. Fundi wa mtaani akaingiza waya, likatoka tope jeusi, maji yakaanza kudondoka. Nikaona Mzee Spana kashinda.

Halafu tukaacha AC imezimwa, nikamwomba kijana amwage maji taratibu kwa jagi kwenye kona ya kioo chenye vipele. Mimi nimelala chini ya dashibodi na tochi ya simu. Tone la kwanza lilitokea nyuma ya kisanduku cha vitabu, likatambaa juu ya waya mweusi, likaning'inia kwenye klipu ya plastiki, likaanguka zuliani. Likafuata la pili. Nilirudi Kusini naye kashinda.

Kisha nikafungua rejeta ikiwa baridi. Maji yamepungua. Muuzaji anasema hajaongeza muda mrefu.

Paa: raba ya kushoto imekakamaa, ukiipinda inapasuka. Sumaku imeshika kote isipokuwa tao la nyuma kulia, pale imeteleza.

Muuzaji ameshuka hadi 11.5.

---

Fundi Redio Magomeni

Nimefuatilia kimya. Maji ya rejeta kupungua na zulia kulowa, jibu ni moja: hita. Gari la Japani lina hita nyuma ya dashibodi, maji ya moto ya injini yanapita humo. Ikitoboka inavujia ndani. Chovya kidole kwenye zulia, nusa. Kama kuna utelezi na harufu tamutamu, hayo si maji ya kuoshea. Mtwara hita hatuihitaji, mafundi wengi wanaunganisha mipira miwili nje na kuiruka. Kazi ndogo.

Na Mama Harusi, si kila fundi redio anachana nailoni.

---

Mama Harusi Lindi

Wewe sikukusema. Nilimsema wa Lindi.

---

Mzee Spana

Fundi Redio, utelezi unatokea kama ndani kuna kulanti, ile dawa ya rejeta. Gari nyingi hapa wanajaza maji ya bomba, hayana harufu wala utelezi. Kwa hiyo kidole hakitakwambia kitu. Weka maji yenye rangi kwenye rejeta, tandika gazeti jeupe zuliani, tembea nalo mpaka Msijute urudi. Gazeti likipata rangi, ni hita. Likilowa bila rangi, ni kioo au kiyoyozi.

Na maji ya rejeta yanaweza kupungua kwa sababu ya gasketi ya hedi, hilo ni kubwa kuliko zulia. Angalia moshi mweupe asubuhi na oili kwenye kijiti kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

---

Nilirudi Kusini

Sponji lililo chini ya zulia linashika maji muda mrefu sana. Inawezekana maji mnayoyatafuta leo yaliingia zamani. Ng'oa zulia, anika sponji juani, pekua bati la sakafu kwa bisibisi. Mpaka bati lionekane, wote hapa tunabahatisha, na mimi nikiwemo. Bado nasema kioo ndicho chanzo kikuu.

Kazi ya kioo si ndogo: kutoa kioo bila kukivunja, kukata bati bovu, kuchomelea, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kurudisha na raba mpya. Kioo chenyewe kikivunjika, utasubiri meli.

---

Korosho Ghafi

Kwa 11.5 sasa naanza kuelewa. IST nimeiweka pembeni kwa muda.

---

Binti Mikindani

Korosho amelainika! Leo mvua itanyesha kusi.

---

Kirikuu wa Masasi

Mdau akiinunua tukutane Msimbati. Ufukwe ule unaingia na gari mpaka karibu na maji.

---

Mzee Spana

Kirikuu, gari la chini namna ile kwenye mchanga wa Msimbati, na povu la bahari linarukia uvunguni? Aliache Madimba, aende ufukweni kwa bodaboda.

---

Forodhani

Bima nayo. Kwa gari la umri huu kampuni moja ilinikatalia bima kubwa, nikabaki na ya mtu wa tatu. Uliza kabla hujalipa, maana bampa na kioo vikienda utalipa mfukoni.

---

Mdau wa Chikongola

Nimewasoma wote. Nimekubaliana na muuzaji: nitampa dhamana ya laki tatu kwa maandishi mbele ya wakili, inarudi yote tukikuta sakafu imetoboka au gasketi imekufa. Zulia tunaling'oa Jumamosi. Rangi ya rejeta na gazeti nafanya kesho. Mzee Spana, naomba uwepo, nauli na chakula juu yangu.

---

Mzee Spana

Nitakuja. Usioshe gari mpaka nifike, na kiyoyozi usiwashe. Nataka nilikute kavu.

---

Fundi Redio Magomeni

Mtakuta ni hita.

---

Nilirudi Kusini

Kioo. Pigeni picha ya bati mkishafunua, wekeni hapa.

---

Upepo wa Kusi

Na hilo tao la nyuma kulia ambalo sumaku iliteleza, mbona mmeliacha? Pale ni karibu na shokapu. Jumamosi mlipandishe jeki mchungulie kwa juu kutokea kwenye buti, si kwa nje tu.

---

Kirikuu wa Masasi

Mdau, ukiachana nayo nipe namba ya muuzaji kwa ujumbe wa faragha. Harusi za Masasi nazo zinahitaji gari.